Joho, Kasha na Kiti cha Enzi: Mwongozo Kamili wa Kutunza Vitu vya Kale vya Pwani

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya mawe huko Lamu kuangalia kasha la marehemu bibi wa ukoo ule. Ndani mlikuwa na joho jeusi la babu yao lenye almaria ya zari (darizi ya uzi wa madini) shingoni na kifuani, kofia mbili za viua, na leso za kisutu ambazo hazijakunjuliwa tangu bibi azikunje. Nilichelewa wiki moja. Binti mmoja mwenye moyo safi alikuwa ameshalifua joho kwa sabuni ya unga, akalianika juani, akalipiga pasi. Zari ilikuwa imekuwa nyeusi, rangi ya bitana imevujia kwenye kola, na mabega yamechanika pale pasi ilipopita. Nondo walikaa na joho lile miaka arobaini wakaliachia matundu matatu tu.

Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya binti yule, na kwa yeyote aliyeachiwa vitu vya kale nyumbani au anayeendesha chumba kidogo cha makumbusho bila fedha za vifaa vya maabara. Mifano ni ya Pwani ya Waswahili kwa sababu ndiyo niijuayo, ila mtu wa bara aliye na kigoda cha chifu au vazi la gome la mti naye atapata la kufanyia kazi.

Hatua ya 1: Andika kabla ya kugusa

Usianze na kitambaa cha kufutia vumbi. Anza na daftari, kalamu ya risasi na simu yenye kamera. Kitu kikishasogezwa, kikapanguswa na kuwekwa kwingine, nusu ya habari zake zimeshapotea: kilikuwa kimefungwa na nini, kilikaa chini ya nini, kikaratasi gani kilikuwa mfukoni.

Kisha mtafute mzee anayekijua, na mtafute leo. Mbao zitangoja, bibi mwenye miaka 84 huenda asingoje. Muulize kitu kinaitwaje kwa lahaja yao, nani alikitumia, siku gani, kilivaliwaje, nani hakuruhusiwa kukigusa. Mwombe ruhusa umrekodi sauti. Nimeona makumbusho yenye siwa (baragumu za sherehe), viti na vilemba vizuri kupita kiasi, na kando yake kikaratasi kimeandikwa “vazi, Pwani”. Kitu kisicho na habari ni cha kuuzwa dukani tu.

Kwa kila kitu andika: jina, vipimo kwa sentimita, kimetengenezwa kwa nini, kasoro zake, alama zinazokitofautisha na vyenzake, kilikotoka, aliyekitoa, tarehe. Piga picha za mbele, nyuma, pande na chini, na uweke rula ndani ya picha. Kasoro zipige kwa karibu. Ufa wa kwenye tendegu la kushoto unaweza siku moja kuwa ndio ushahidi wako.

Kwa leso au kanga kuna la ziada. Nakili jina lake, yaani maneno yaliyo juu yake, neno kwa neno, kama lilivyochapwa, hata kama tahajia imekosewa. Eleza pindo (ukingo) na mji (sehemu ya katikati), kisha tazama kandokando kama kuna alama ya mwenye mali. Maneno “Mali ya Abdulla” ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa yamesaidia watu wengi kukadiria umri wa kanga zao. Ikiwa jina limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, una kitu cha zamani zaidi, kwa hiyo mtafute anayezisoma vizuri badala ya kubahatisha.

Kipe kila kitu namba. Mtindo rahisi ni mwaka, kundi, kisha kitu: 2025.2.7 maana yake kitu cha saba katika kundi la pili lililopokewa mwaka 2025. Namba ya nguo andika kwenye kipande cha utepe wa pamba, ukishone kwa mishono miwili milegevu kwenye upindo wa ndani. Ya mbao andika kwenye kadi uifunge kwa uzi wa pamba. Selotepu, stika na kalamu ya wino isiyofutika vikae mbali kabisa, kwa maana gundi ya selotepu huingia ndani ya nyuzi na haitoki tena.

Kama unaona haya ni mambo ya makarani, kumbuka kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984. Kilikuja kuonekana katika makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva, na kilirudishwa Tanzania mwaka 2010, baada ya miaka ya mazungumzo. Sasa jiulize ungedai vipi kitu ambacho huna hata picha yake. Siku hizi polisi wa kimataifa, INTERPOL, wana programu ya simu iitwayo ID-Art, ya bure, inayokusaidia kujaza maelezo ya kitu kwa namna inayotambulika kila nchi. Ijaze kabla hujaibiwa.

Hatua ya 2: Tafuta mahali pa kukaa

Adui wa Pwani ni unyevu. Ukungu hupenda kuanza unyevu wa hewa ukipita asilimia 65, na kwetu kipimo hicho hupitwa siku nyingi za mwaka, hasa masika. Nunua kipimaunyevu kidogo cha betri, ukiweke chumbani, uandike namba asubuhi na jioni kwa mwezi mmoja. Utashangaa. Mara nyingi chumba kizuri kuliko vyote si kile chenye kiyoyozi bali cha katikati ya nyumba ya mawe, chenye kuta nene na madirisha ya kuelekeana. Kiyoyozi kinachowashwa saa za kazi na kuzimwa usiku ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Mbao hutanuka zikinywa unyevu na hujikunja zikikauka. Zikifanya hivyo kila siku hupasuka, na njumu, yaani vipande vya pembe au mfupa vilivyopachikwa, hubanduka moja moja. Kwa hiyo tafuta utulivu kwanza, namba nzuri baadaye. Feni ndogo inayozungusha hewa polepole husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Mwanga ni jambo fupi: rangi ikishapauka hairudi. Nguo zisipate zaidi ya luksi 50, ambao ni mwanga hafifu wa kumtambua mtu lakini si wa kusomea kwa raha. Programu ya simu itakupa makadirio. Zionyeshe kwa miezi mitatu, kisha zipumzishe gizani na utoe nyingine.

Samani zisikae sakafuni moja kwa moja wala zisigusane na ukuta. Acha nafasi ya kupitisha mkono na tochi, kama sentimita 10 hivi, kwa maana mchwa hupanda kimya kimya nyuma ya kasha. Wazee waliweka matendegu ya vitanda ndani ya makopo ya maji kuzuia wadudu. Nia nzuri, lakini mbao hunywa maji yale. Tumia vipande vya plastiki ngumu au vigae.

Hatua ya 3: Nguo za sherehe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu huharibu zaidi.

Kwanza, usifue. Zari ni uzi wa pamba au hariri uliozungushiwa utepe mwembamba wa madini. Ukiulowesha, madini hubadilika rangi na uzi wa ndani huvimba. Kisutu na leso nyingine nyekundu za zamani nazo huvuja. Ukitaka kuhakikisha, lowesha pamba nyeupe kwa tone la maji safi, igandamize mahali pasipoonekana kwa sekunde 30, uitazame. Ikishika rangi, mjadala umekwisha. Isiposhika bado usifue, angalau umejua.

Kusafisha kunakoruhusiwa ni kwa kuvuta vumbi. Chukua mashine ya kuvuta vumbi yenye nguvu ndogo kabisa, ufunge mdomo wake kwa kipande cha chandarua, uupitishe juu juu bila kugusa nguo huku mkono wa pili ukisukuma vumbi kwa brashi laini ya rangi. Kama huna mashine, brashi peke yake inatosha. Palipochanika usipite. Na vaa barakoa na glavu: zamani makumbusho na familia zilinyunyizia DDT na hata dawa zenye arseniki, na unga mweupe ulioko kwenye mikunjo huenda si vumbi la kawaida.

Pili, nguo za kufungia. Nunua marekani. Kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilipewa jina la nchi kilikotoka, kililetwa Unguja kwa merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Marekani, tangu miaka ya 1830, na kikageuka kuwa fedha ya njia za misafara hadi maziwa makuu. Leo ndicho kitambaa cha bei nafuu kinachofaa kutunzia vitu vya enzi ileile, jambo ambalo kila mara hunichekesha. Kifue mara mbili kwa maji ya moto bila sabuni yenye manukato ili wanga wote utoke, kwa maana wanga ni chakula cha mende. Kikikauka kimekuwa blanketi, mto na karatasi yako isiyo na asidi.

Tatu, namna ya kuhifadhi kila moja:

- Leso, kikoi, kilemba na vitambaa virefu vizungushe kwenye bomba. Maduka ya vitambaa hutupa mabomba ya karatasi ngumu bure. Lizungushie karatasi ya alumini, kisha marekani, halafu nguo. Kama ina darizi, upande wa almaria uwe nje ili usibanwe. Funga kwa utepe mpana, si kamba.
- Joho lilaze bapa. Zari ni nzito, na ukilitundika mabega yatabeba mzigo wote. Kama sanduku ni fupi na lazima ukunje, weka soseji ya marekani iliyojazwa pamba ndani ya kila kunjo, na kila baada ya miezi sita badilisha mahali pa kukunja.
- Kanzu iliyo imara yaweza kutundikwa, lakini kwenye hanga iliyovishwa pamba na kushonewa marekani, nene kama kiganja.
- Kofia ya viua ijazwe mpira wa marekani ndani ili isibonyee, na zisipandishwe moja juu ya nyingine. Kazi ya miezi mingi ya mkono inakufa kwa kukaliwa na kofia mwenzake.

Vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo usivitie ndani. Mvuke wake si mzuri kwa mapafu ya watu wala kwa baadhi ya rangi na plastiki, na harufu haitoki. Udi nao, naomba radhi kwa kina mama, ufukiziwe nguo zinazovaliwa. Moshi wa chetezo hubeba masizi na mafuta yanayonata kwenye hariri. Weka pakiti ya majani makavu ya mwarobaini nje ya kifurushi kama unataka, lakini usiitegemee. Kinachofukuza nondo ni kufungua na kukagua.

Ukikuta nondo wako hai, funga nguo ndani ya mifuko miwili ya plastiki, utoe hewa uwezavyo, uiweke kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa, usifungue mfuko mpaka saa 24 zipite, la sivyo umande utatua juu ya nguo.

Hatua ya 4: Nakshi na vinyago

Mbao zilizochongwa zitake brashi kavu na uvumilivu. Pita kufuata mchongo, toka juu kuja chini. Basi.

Vanishi, mafuta ya nazi, polishi ya viatu na mafuta ya mitambo ndivyo vitu vinavyotaka kumwagwa juu ya nakshi na kila mgeni mwenye ushauri. Mafuta hunasa vumbi, vumbi huwa tope, tope hujaza mchongo, na baada ya miaka mitano mnyororo na maua ya mlango hayaonekani. Mlango ulioko nje barabarani, unaopigwa na jua na chumvi, ni habari nyingine. Huo bado unafanya kazi yake na una haki ya kupakwa mafuta na fundi anayejua. Huo wa ndani ya makumbusho umestaafu.

Dogo la kando: ukiletewa kinyago cha “mpingo” cha kununua, kisugue chini kwa pamba nyeupe yenye maji kidogo. Pamba ikitoka nyeusi, huenda umeletewa mti mwingine uliopakwa kiwi. Mpingo wa kweli ni mzito hata huzama majini, ila tafadhali usikijaribu kinyago cha babu kwenye ndoo.

Bungua ndiye wa kuogopwa. Vitundu peke yake si habari, huenda wadudu waliondoka zamani. Tandika karatasi nyeusi chini ya kitu, ukiache wiki moja bila kukitikisa. Ukikuta unga mpya wa rangi nyepesi, wapo. Kitenganishe na vingine kwa plastiki. Kitu kidogo cha mti mtupu chaweza kwenda friza kama nguo. Chenye njumu, pembe, rangi ya kupakwa au vipande vilivyogundishwa kisiende, maana kila kimoja hujikunja kwa namna yake. Hapo mwite mtaalamu wa uhifadhi kutoka makumbusho ya taifa, na usimkubali jirani anayekuja na mafuta ya taa au oili chafu.

Hatua ya 5: Samani

Kiti cha enzi ndicho kitu kinachovunjwa zaidi kwa heshima. Kila mgeni rasmi anataka kukikalia apigwe picha. Mgongo wake na kikalio vimewambwa kwa uzi ambao umekauka, na njumu zake za pembe au mfupa zimeshikwa na gundi ya zamani. Jibu ni hapana, hata kwa waziri. Weka kamba kutoka mkono mmoja hadi wa pili, kwa adabu, na kando yake weka kiti kingine cha kukaliwa.

Kukihamisha, toa kwanza kila kinachotoka, kama ubao wa kuwekea miguu. Watu wawili wanainua kwa kushika fremu iliyo chini ya kikalio, kamwe si mikono wala mgongo. Kabla ya kuinua, mmoja afungue njia: mlango, mazulia, paka. Nimeona kiti kilichoishi zaidi ya miaka mia kikivunjika kwa sababu ya zulia.

Kasha lina mitego mingine. Usiburute, matendegu yake hayakutengenezwa kusukumwa. Usilishike kwa vipini vya kando hata kama vinaonekana imara. Kifuniko kinapofunguliwa kishikwe na mtu, bawaba za kale hung’oka ghafla. Misumari ya shaba iliyolegea usiigongomee: iweke kwenye bahasha yenye namba ya kasha, uandike ilitoka safu gani. Na nguo za kale usizirudishe ndani ya kasha la kale. Najua ndiko zilikotoka. Mbao hutoa asidi, na baadhi ya miti hutia doa.

Kwa vitanda, viwe vya kamba au samadari, vifungue kabla ya kusafirisha na uandike kila kiungo kwa kalamu ya risasi kwenye kadi: mfumbati (mti wa ubavuni) wa kulia, kitakizo (mti wa kukingama) cha kichwani, tendegu la 1 hadi la 4. Viungo vya fundi wa zamani havibadilishani. Tendegu la 2 halitaingia tundu la 3, na atakayelilazimisha atalipasua. Kamba za kuwambia zikiwa zimekatika, zihifadhi kama zilivyo, uzipige picha, kisha tafuta fundi wa kuwamba aweke mpya. Tofauti ionekane kwa anayetazama kwa karibu. Kurekebisha kwa kuficha ni uongo mdogo.

Hatua ya 6: Shaba, pembe na sheria

Shaba isisuguliwe kwa ndimu na majivu. Kila msuguo hula nakshi, na mabaki meupe hukauka kwenye mchongo. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Madoa ya kijani yanayotoa unga ni dalili kwamba chumvi inakula shaba. Kitu hicho kiweke peke yake mahali pakavu na uombe msaada.

Pembe za ndovu hazitaki maji wala joto la taa. Atakayetaka kuona zilivyotunzwa aende makumbusho ya Lamu akatazame siwa ya Pate ya pembe karibu na siwa ya Lamu ya shaba. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kupitia CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1989, kwa hiyo kiti chenye njumu za pembe usikibebe kwenda kwa ndugu Uarabuni au Ulaya bila vibali. Nchini Kenya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inalinda vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa kabla ya 1895, na milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1946. Tanzania Bara ina sheria ya mambo ya kale ya 1964, nayo imeitaja milango ya nakshi.

Kuna vitu pia ambavyo havikupaswa kuja kwako. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao zilizochongwa, husimamishwa kwa ajili ya wafu na huachwa pale hadi vioze, lakini vimeng’olewa kwa mamia na kuuzwa ng’ambo. Makumbusho ya Denver, Marekani, yalirudisha vigango 30 Kenya mwaka 2019. Ukiletewa kimoja na kijana mwenye pikipiki, usinunue hata kwa nia ya kukiokoa. Fedha yako ndiyo itakayong’oa cha pili. Wajulishe wazee wa kaya za Wamijikenda na ofisi ya makumbusho.

Hatua ya 7: Harusi ikibisha hodi

Itatokea. Ukoo utataka joho la babu kwa ajili ya bwana harusi, na wana haki ya kuuliza, kwani ni vitu vya sherehe. Ninavyofanya mimi: nguo yenye mpasuko wowote, au hariri inayokatika ukiikunja, haivaliwi, hupelekwa, huonyeshwa mezani juu ya marekani, hurudi. Iliyo imara yaweza kuvaliwa kwa saa moja, juu ya kanzu yenye mikono mirefu, bila marashi wala udi, na mtu wako awepo. Andikisheni karatasi moja: namba, picha za kabla na baada, saa ya kutoka na kurudi, sahihi mbili. Njia bora zaidi ni kumlipa fundi wa darizi atengeneze nakala. Nakala ivaliwe, itokwe jasho, imwagiwe halua, na fundi apate kazi.

Hatua ya 8: Ukaguzi na dharura

Fungua kila sanduku mara moja kwa miezi mitatu, na kila wiki mbili wakati wa masika. Tazama kwa tochi, nusa, andika tarehe hata kama hukukuta kitu. Harufu ya ukungu hutangulia madoa yake.

Paa likivuja, una saa 48 kabla ukungu haujaanza. Toa nguo kwanza, samani baadaye. Nguo iliyolowa huwa nzito na hujichana yenyewe, kwa hiyo ibebe juu ya shuka lililoshikwa pembe nne kama machela. Usiikamue wala usiitundike. Itandaze kivulini juu ya taulo nyeupe, washa feni ielekee ukutani na si kwenye nguo, badilisha taulo kila zinapolowa. Rangi ikianza kuvuja, tenganisha tabaka kwa marekani kavu. Samani zipanguse bila kusugua, fungua droo na vifuniko, na uziache zikauke polepole kwa wiki kadhaa mbali na jua. Njumu zikidondoka, ziokote zote, hata zile ndogo kama punje ya mchele, uzitie kwenye bahasha yenye namba.